Msako wa Vikasha na Historia ya Ufukwe

Kibao cha historia kina kasoro ambayo hata wino mzuri na picha kubwa haviiondoi: humjibu mtembezi kabla hajauliza. Mtu hufika, husoma mistari mitatu ya mwanzo, hupiga picha, huondoka akiamini mahali amepaona. Sisemi kwa dharau, maana vibao huandikwa na watu waliosoma na kujitahidi. Lakini miaka ya kutembea kwenye njia za ufukweni, hasa ile ya kusini magharibi mwa Uingereza, na kucheza mchezo ambao wengi wa rika langu huuona wa kitoto, imenifikisha kwenye hoja ninayotaka kuitetea hapa. Aliyelazimika kutafuta kitu mahali fulani hubaki na mahali hapo kichwani kwa namna ambayo aliyeoneshwa tu haipati. Mchezo wa kusaka vikasha kwa GPS, wanaouita jiokashingi, ni njia nzuri ya kumfanya mtu atafute, ilimradi mfichaji awe na jambo la kusema kuhusu mahali alipoficha. Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Likikosekana, kinachobaki ni watu wazima wanaookota makopo vichakani.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu hutia karatasi ya kusaini ndani ya kikasha kisichopitisha maji, pengine pamoja na vitu vidogo vya kubadilishana, hukificha kwenye ufa wa mwamba au chini ya gogo, kisha hutangaza latitudo na longitudo ya pale. Mwingine huja na simu yake, hutafuta, husaini, hukirudisha palepale. Hauna mshindi wala zawadi. Asili yake ni uamuzi wa kijeshi: hadi tarehe 1 Mei 2000 serikali ya Marekani ilivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyowafikia raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome, kosa lilishuka hadi mita 10 au 20, na Mei 3 Dave Ulmer akaficha ndoo katika msitu wa jimbo la Oregon na kutangaza namba zake. Ndani ya ndoo, pamoja na vitu vingine, mlikuwa na kopo la maharage. Leo vikasha vimezidi milioni tatu duniani. Wazo lenyewe, hata hivyo, lina umri mkubwa kuliko setilaiti. Mwaka 1854, kwenye nyika ya Dartmoor huko Devon, mwongoza watembezi aliyeitwa James Perrott aliacha chupa mahali pa mbali paitwapo Cranmere Pool ili waliofika huko waache kadi zao za majina, na kutoka hapo ukakua utamaduni wa kuficha masanduku yenye mihuri ambao bado unaendelea. Naitaja chupa hiyo kwa sababu wanaoulaumu mchezo huu huilaumu simu, kumbe hamu ya kufika pagumu na kuacha alama ndogo ya kwamba nilifika haikuingoja simu.

Njia ninayoizungumzia, South West Coast Path, ina urefu wa maili 630, yaani zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Minehead hadi bandari ya Poole. Mgeni hushangaa jinsi inavyojipinda. Badala ya kukata moja kwa moja juu ya magenge, hushuka kwenye kila kihori na kupanda tena, hata mtu akaona aliyeichora alikuwa na nia ya kumchosha. Sababu ni magendo. Katika karne ya 18 na ya 19 pombe kali, chai na tumbaku viliingizwa kwa mashua usiku ili kukwepa ushuru, na askari wa pwani waliotumwa kuzuia biashara hiyo walipaswa kuchungulia ndani ya kila ghuba, kila pango, kila ufa ambamo pipa lingeweza kusukumwa. Nyayo zao ndizo zilizochonga njia. Hapa ndipo mchezo wa vikasha ulinipa somo ambalo hakuna kitabu kilichokuwa kimenipa. Anayepita tu huiona mipinda ile kuwa usumbufu wenye mandhari nzuri. Anayetafuta kitu kilichofichwa huanza, pasipo kukusudia, kuiangalia pwani kwa jicho la askari wa forodha, na muda si mrefu kwa jicho la mficha magendo mwenyewe: wapi pana kivuli, wapi jiwe limekaa isivyo kawaida, wapi mtu angeweka kitu akijua kwamba mawimbi hayatafika. Umbo la njia lina maana kwa mtu anayetafuta, kwa kuwa lilichorwa na watu waliokuwa wakitafuta.

Mfano mzito zaidi uko upande wa magharibi kabisa wa Cornwall, kati ya Botallack na Pendeen, ambako nyumba za injini za migodi ya bati na shaba zimesimama ukingoni mwa bahari, nyingine chini kabisa karibu na mawimbi. Eneo hilo liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na mandhari nyingine za uchimbaji za Cornwall na Devon magharibi. Uzuri wake ni wa hatari, kwa sababu humfanya mtu asahau kwamba magofu yale ni sehemu ndogo ya juu tu ya kazi iliyofanyika chini. Kwenye mgodi wa Levant mahandaki yalipita chini ya bahari kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Wachimbaji walishushwa na kupandishwa kwa boriti ndefu iliyocheza shimoni juu na chini: mtu alikanyaga kibao kilichofungwa kwenye boriti, akainuliwa mita tatu na zaidi, akahamia kwenye jukwaa la ukutani, akangoja mpigo unaofuata, na hivyo hivyo mpaka mwanga. Tarehe 20 Oktoba 1919, zamu ikibadilishwa, chuma kilichoishikilia boriti hiyo juu kilikatika. Wanaume 31 walikufa.

Sasa, mfichaji mwenye akili hutumia mtindo wa hatua nyingi. Namba za mahali kikasha kilipo hazitolewi zote. Msakaji hutakiwa achukue tarakimu kutoka kwenye mwaka ulioandikwa jiweni, ahesabu madirisha ya jengo, atafute jina fulani, kisha apige hesabu ndipo apate sehemu ya mwisho. Bila kusoma huendi mbele. Najua pingamizi, na nalichukulia kwa uzito: kuufanya mwaka wa msiba kuwa tarakimu ya fumbo ni kuwafanyia mzaha waliokufa. Wapo wasakaji wanaonakili namba na kuondoka bila kujiuliza ni za nini. Nisingekuwa mkweli nikisema hawapo. Lakini linganisha na hali ilivyo bila mchezo. Watembezi wengi wa njia ile hupita juu ya Levant wakitafuta pembe nzuri ya picha, na anayejua kuhusu boriti ile ni yule aliyekuja akijua tayari. Mfichaji anayejiheshimu hataweka kikasha juu ya kumbukumbu yenyewe. Atakiweka mbali, upande wa pili wa bonde, ambako msakaji akifika na kugeuka ataona kwa mbali jengo alilotoka kuhesabu madirisha yake na bahari iliyofunika mahandaki. Huo ni uandishi wa historia. Tofauti na mwanahistoria wa chuo ni kwamba huyu anapanga miguu ya msomaji wake pia.

Ghuba ya Porthcurno, iliyoko kusini zaidi kwenye ncha hiyohiyo ya nchi, inahitaji maneno mengi zaidi kwa sababu inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1870 hapo ndipo uliponyanyuliwa kutoka baharini waya wa telegrafu uliokamilisha mfululizo wa nyaya za chini ya maji kuunganisha Uingereza na Bombay, kwa kupitia Ureno, Gibraltar, Malta, Suez na Aden. Ghuba hiyo isiyo na bandari ilipendelewa kuliko Falmouth kwa sababu kule nanga za meli zingeweza kuukata waya. Kufikia miaka ya kati ya vita viwili vya dunia kituo hicho kilikuwa na nyaya 14. Mwaka 1879 tawi la mtandao huohuo lilishushwa kutoka Aden hadi Zanzibar, likaendelea Msumbiji na Durban. Mwezi Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki na Khalid bin Barghash akajitangaza sultani ndani ya kasri, konseli wa Uingereza, Basil Cave, aliomba kwa telegrafu ruhusa ya London kutumia nguvu, na ruhusa ikaja kwa njia hiyohiyo. Asubuhi ya tarehe 27 meli zikapiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa kasri wakauawa au kujeruhiwa. Pale Shangani, jengo la kampuni ya nyaya sasa ni hoteli. Porthcurno kuna makumbusho yanayoieleza telegrafu vizuri, na juu ya mchanga kipo kibanda kidogo ambamo nyaya zilikuwa zikiingia nchi kavu. Waogeleaji hupita kando yake wakiwa na taulo mabegani. Mfichaji wa Cornwall akiandika swali kuhusu kibanda hicho ataandika juu ya wahandisi na mawimbi. Ni haki yake, ndivyo alivyosimuliwa. Swali la ujumbe wa Agosti 1896 litaandikwa na mtu aliyelelewa akisikia habari ya mizinga ile. Mchezo huu hauna mhariri mkuu, kwa hiyo mlango wa kuandika swali hilo uko wazi, na makumbusho machache yana mlango wa aina hiyo.

Watu hunijibu kwamba penye mlango wazi hivyo huingia pia waongo, na kweli huingia. Ukurasa wa kikasha unaweza kudai kwamba kila pango lilikuwa la maharamia. Dawa yake ni hafifu, ni wasakaji wanaojua kuandika masahihisho chini yake, lakini vijitabu vya watalii havina hata hiyo. Kuhusu simu kumfumba mtu macho asione bahari, nadhani anayesema hivyo hajawahi kutafuta. Kifaa kikifika mita tano au kumi kutoka mahali penyewe hakina la kuongeza, na karibu na genge huwa kibaya zaidi kwa kuwa mawimbi ya setilaiti hudunda kwenye mwamba na mshale huyumba huku na huku. Hatua za mwisho ni za macho na vidole. Simu humalizia kazi yake pale ambapo kazi yenyewe inaanza.

Pingamizi ninalolikubali zaidi ya mengine ni la uharibifu. Kuta za mawe za Cornwall zimejengwa bila saruji, na baadhi ya mipaka ya mashamba ya upande ule ni ya kale sana. Msakaji asiye na subira akianza kung'oa jiwe moja moja, baada ya wageni wengi ukuta huinama. Nyasi za ukingoni hukanyagwa zikawa vumbi. Kanuni zipo: kikasha hakizikwi, mwenye ardhi aombwe ruhusa, na kati ya kikasha na kikasha iwepo nafasi ya mita 161. Kanuni hiyo ya mwisho, iliyowekwa ili kupunguza msongamano, iligeuzwa na wapenda hesabu kuwa kipimo cha kuuongeza. Huko Nevada, kando ya barabara kuu inayopita nyikani, paliwahi kuwekwa vikasha zaidi ya 1,000 vilivyofuatana, na watu wakawa wanasimamisha gari, wanaruka, wanasaini, wanaondoka, hadi mamlaka ya barabara ya jimbo ikaomba viondolewe kwa sababu ya usalama. Hakuna anayekumbuka chochote kuhusu mahali alipoparuka namna hiyo. Naitumia Nevada dhidi ya wenzangu kwa sababu inathibitisha hoja yangu kwa upande wake mbaya: mashine ni ileile, kanuni ni zilezile, isipokuwa mfichaji hakuwa na la kusema. Jibu bora ambalo mchezo wenyewe umelitoa ni aina ya msako iliyoanza mwaka 2004 chini ya chama cha wanajiolojia wa Marekani, ambayo haina kikasha kabisa. Unafika kwenye mwamba, unaangalia tabaka zake, unapima, unajibu maswali, unayatuma. Hufichi kitu, hugusi kitu. Kwa mahali penye historia, mtindo huo ndio ningeuchukua kwanza.

Na kwa pwani yetu ningeuchukua mtindo huo peke yake. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, kaskazini mwa Uingereza, kikasha kilidhaniwa bomu na kikalipuliwa na wataalamu wa jeshi. Huko woga ulikuwa wa bomu. Hapa kwetu, mtu akionekana ameinama chini ya mbuyu akichomeka kijichupa chenye karatasi iliyokunjwa, hakuna atakayefikiria setilaiti. Itakuwa hirizi, na maswali atakayoulizwa na wazee wa mtaa hayatakuwa ya kitalii. Akionekana karibu na boma la kale akiwa na kifaa kinachomwelekeza kwenye jiwe, ndipo mbaya zaidi, kwa kuwa imani ya mali za Mjerumani bado ina nguvu Tanzania: watu wamechimba kuzunguka makaburi, maboma na miti mikubwa wakitafuta rupia na dhahabu zinazodaiwa kuachwa wakati wa Vita vya Kwanza. Kikasha chenye namba za siri karibu na gofu kingekuwa mwaliko wa majembe. Na hatuhitaji kudhania uharibifu unaofanana na huo. Makaburi ya nguzo ya pwani yalipambwa kwa vibakuli vya kaure kutoka China vilivyopachikwa kwenye chokaa, na sehemu kubwa ya vibakuli hivyo imeng'olewa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya mwaka 1964, lakini sheria haisimami usiku kwenye magofu ya pwani kama Tongoni ikiwa na tochi.

Wapo watakaouliza kwa nini basi nisiuache mchezo huu ukabaki Cornwall, tena ni mchezo unaoendeshwa na kampuni ya Marekani, unaohitaji bando na simu nzuri, na ambao kwetu hadi leo huchezwa zaidi na wageni. Najibu kwamba kampuni inamiliki tovuti na alama yake. Haimiliki tendo la kumpa mtu swali na kumwelekeza mahali pa kulijibia. Hilo lafanyika kwa karatasi iliyorudufiwa na penseli. Chukua njia kutoka Bagamoyo hadi magofu ya Kaole, kilomita tano hivi kuelekea kusini, matembezi ambayo darasa la sita linaweza kuyamaliza kabla jua halijawa kali. Kinachofanyika sasa mara nyingi ni mwanafunzi kuambiwa misikiti ni ya karne gani, akaandika, akasahau. Mpe badala yake kazi ya kutafuta. Kwenye kaburi la nguzo, je, unaona mahali palipowahi kupachikwa kitu, na unadhani kilikuwa kitu gani? Simama penye msikiti: bahari iko wapi? Hataiona vizuri, kwa sababu mikoko imekaa katikati, na akilazimika kuitafuta atafika mwenyewe kwenye swali la jinsi mji wa biashara ulivyoishi bila maji ya kupitisha majahazi, na pengine, akiwa amerudi Bagamoyo na kuona mashua zimepaki mchangani, atajijibu kwamba bandari ilihama. Mkoko uliojaa tope kwenye mlango wa Kaole ni hoja ya kihistoria inayoshikika kwa mkono, na sidhani kuna kibao kitakachoieleza vizuri kuliko miguu yenye matope.

Maswali hayo yasiandikwe na wageni wala na watu kama mimi wanaopita. Waongoza wageni wa Bagamoyo wanayajua mawe yale kuliko yeyote, na baadhi ya walimu wa pale wamefundisha watoto wa familia zilizozika ndugu zao karibu na magofu hayo. Wao ndio wawe wafichaji, walipwe kwa kazi hiyo kama mwandishi anavyolipwa, na waachiwe uamuzi wa yapi yaulizwe na yapi yasiulizwe. Pale penye makaburi ambayo watu bado wanayazuru kwa dua, nadhani wataamua pasiwe na swali lolote.